Tangi la Chuma au la Plastiki: Kauli Yangu Kuhusu Gari la Marehemu Baba



Katika makala zilizotangulia nimeandika juu ya nasaba zetu, nyumba zetu na majahazi ya wazee wetu. Leo naandika juu ya chombo kidogo kuliko vyote hivyo, ambacho kwa muda wa miaka miwili kimetufanya sisi ndugu watatu tubishane kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana: tangi la petroli la Land Rover ya marehemu baba. Swali lenyewe lilikuwa fupi. Tangi la asili, la chuma, limeliwa na kutu. Je, tutie jipya la chuma mfano wa lile la kwanza, au tutie la plastiki, ambalo halijui kutu ni nini? Ndugu yangu mdogo alisimama upande wa plastiki. Dada yetu alisema gari liuzwe kabla halijamuunguza mtu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa karani umri wangu wote, nikaachiwa kazi ya kusoma, kuuliza na kuandika.

Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu magari ya namna hii bado yamo mikononi mwa familia nyingi za pwani, na kwa sababu historia ya chombo cha mafuta ni sehemu ya historia yetu, ijapokuwa hakuna aliyeitungia utenzi.

Gari lenyewe

Gari ni Land Rover fupi, ile ya inchi 88, ya toleo la pili. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa vibali. Kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa madini ya alumini, ambayo yalipatikana kwa wepesi zaidi. Fremu ya chini na tangi la mafuta vilibaki kuwa vya chuma. Ndiyo maana pwani kwetu utaona Land Rover ya miaka 50 ambayo bodi yake ni nzima kabisa, na mifupa yake inamomonyoka chini kwa chini.

Tangi la gari hili limewekwa chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, ambako katika nchi zetu ndiko anakokaa dereva. Linachukua galoni 10 za Kiingereza, yapata lita 45. Dereva hukalia petroli yake. Jambo hili halikuwa geni: gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, nalo lilikuwa na tangi chini ya kiti, na mafuta yalishuka yenyewe hadi kwenye injini bila ya pampu. Matokeo yake ni kwamba kwenye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta machache, madereva walilazimika kupanda kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini.

Baba hakulinunua gari kwa mapambo. Kazi yake ilikuwa kununua mazao makavu ya bahari: papa, ng'onda, mapezi ya papa na majongoo ya bahari. Aliyakusanya kwa wavuvi wa Malindi, Ngomeni na Kipini, akayaleta Mombasa, na kutoka hapo mengine yaliliwa hapahapa na mengine yakapakiwa kwenda Hong Kong na Singapore. Magunia yale hayakuwa makavu kama jina la biashara lilivyodai. Maji ya chumvi yalichuruzika sakafuni safari nzima, yakapenya kwenye viungio vya bodi, yakalala juu ya tangi. Tulipolitoa tangi lile tuliona kwamba kutu ya nje ilianzia kwenye kona ya nyuma, palepale magunia yalipokuwa yakiegemezwa. Biashara iliyotulisha na kutusomesha ndiyo iliyolitoboa tangi.

Vyombo vilivyotangulia

Tunapolitazama tangi hudhani kwamba limekuwapo siku zote. Lakini mafuta yalifika pwani yetu kabla ya gari, na yalifika ndani ya debe. Hayo yalikuwa mafuta ya taa, yaliyotiwa katika vyombo vya bati vyenye pembe nne, viwili viwili ndani ya kasha la mbao. Kila kimoja kilichukua takriban lita 18. Jina la debe tulilipata kwa Wahindi, na mafuta yalipokwisha chombo hakikutupwa. Kilikuwa kipimo cha mahindi sokoni, ndoo ya kisimani, na kikikunjuliwa kilikuwa ukuta wa kibanda au mlango wa banda la kuku. Hata leo mtu hununua debe la mahindi bila ya kukumbuka kwamba anataja chombo cha mafuta.

Habari hii ilikuwa vivyo hivyo katika nchi za Mashariki ya Mbali. Mwaka 1892 mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, ambaye baadaye aliasisi kampuni ya Shell, alipitisha meli yake Murex katika mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta ya taa ya Urusi bila ya madebe, yamemiminwa moja kwa moja katika matangi ya meli. Hesabu yake ilikuwa nzuri: mafuta yangekuwa rahisi, na wanunuzi wangekuja na vyombo vyao. Wanunuzi hawakuja. Walikuwa wamezoea kununua mafuta ya Wamarekani katika debe la rangi ya samawati, na debe walilihitaji kama walivyoyahitaji mafuta. Samuel alilazimika kupeleka mabati huko Mashariki, yakatengenezwa madebe mapya, naye akayapaka rangi nyekundu. Tangu zamani, basi, mnunuzi ametazama kilichomo na akatazama pia kilichokibeba.

Debe lilikuwa na aibu yake: lilivuja. Katika vita vya pili vya dunia, jeshi la Uingereza katika jangwa la Afrika ya Kaskazini lilibeba petroli katika makopo mepesi ya bati ya galoni 4, na sehemu kubwa ya mafuta ilipotea mchangani kabla ya kufika kwenye gari. Wajerumani walikuwa na chombo kingine, kilichobuniwa mwaka 1937: bati nene lililokandamizwa vipande viwili na kuchomelewa pamoja, lenye vishikio vitatu na kifuniko cha kubana, la lita 20, lenye nafasi ya hewa iliyolifanya lielee majini. Waingereza waliliteka, wakalisifu, wakaliiga, na wakaliita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani. Ndilo jerikeni letu. Leo neno hilo kwetu lina maana ya chombo cha plastiki cha rangi ya manjano, na watoto wetu wengi hawajawahi kuliona jerikeni la chuma.

Kuja kwa plastiki

Plastiki inayohusika hapa ni polithini. Iligunduliwa kwa bahati katika maabara ya Northwich, Uingereza, mwaka 1933. Lakini aina ile ngumu, inayofaa kubeba mafuta, ilitokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler mwaka 1953, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Giulio Natta wa Italia. Miaka kumi baada ya tuzo hiyo, mwaka 1973, kampuni ya Volkswagen ilitoa gari la Passat likiwa na tangi la plastiki, na gari hilo huhesabiwa kuwa la kwanza kuundwa kwa wingi na tangi la namna hiyo. Tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, hata magari mengi mapya unayoyaona barabarani leo yana matangi ya plastiki.

Sababu zao ni za kweli, na sikukubali nduguye mtu yeyote azidharau mezani kwetu. Plastiki ni nyepesi. Haishiki kutu ndani wala nje. Huweza kupewa umbo lolote, ikajaza pembe zilizobaki baina ya mhimili na bodi. Gari linapogongwa, tangi la plastiki aghalabu hubonyea na kurudi, ilhali la chuma hupasuka kwenye mshono.

Lakini plastiki ina tabia zake. Mvuke wa petroli hupenya katika polithini tupu, polepole, bila ya tundu lolote. Ndiyo sababu matangi ya kiwandani hutiwa dawa ya florini ndani au huundwa kwa matabaka kadhaa, moja likiwa ni la kuuzuia mvuke huo. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo umeme unaozaliwa na msuguano wa mafuta wakati wa kujaza hauna pa kwenda. Shingo ya chuma na viungio vyote lazima viunganishwe kwa waya na fremu ya gari, isije ikaruka cheche. Joto la bomba la moshi huilainisha, na jua la miaka mingi huifanya iwe kavu na kupasuka. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 34, inayohusu hatari ya moto katika magari, inataka tangi la plastiki lijaribiwe juu ya moto wenyewe kabla ya kukubaliwa. Kwa hiyo tangi la plastiki la kiwandani ni chombo kilichopimwa. Chombo chochote cha plastiki kinachofanana nalo si lazima kiwe hivyo.

Chuma na maradhi yake

Chuma nacho hakina budi kusemwa kama kilivyo. Matangi ya zamani yalitengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa risasi na stani. Mpako huo huilinda nyama ya chuma kwa miaka mingi, lakini hauwezi kuilinda milele. Adui mkubwa hutoka ndani. Usiku tangi hupoa, hewa ya nje huvutwa kupitia tundu la kupumulia, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta zilizo tupu, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kulala hapo. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya kupata maradhi haya. Tangi la gari linalotoka mara mbili kwa mwaka, siku za Idi, likiwa na lita tano za mafuta, ndilo linalokufa upesi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wamelisahau. Katika miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na spiriti iliyotengenezwa kwa molasi ya miwa huko Muhoroni, kiasi cha sehemu moja katika kumi. Spiriti hunywa maji kutoka hewani, na maji yakizidi hujitenga na kwenda chini ya tangi. Vilevile huidhoofisha mipira ya kale. Nchi nyingi sasa huuza petroli ya namna hiyo, kwa hiyo anayetengeneza gari la kale leo hana budi kuchagua tangi, mipira na mipako inayostahimili spiriti, hata kama pampu ya mtaani kwake bado haina.

Kutu inapoanza ndani, haibaki ndani. Unga mwekundu huingia kwenye bomba, ukaziba chujio na kabureta, na gari likazimika katikati ya njia. Baadaye hutokea vitundu vidogo kama vya sindano, na petroli huanza kutona. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukusanyika chini, katika kila shimo na kila pembe. Katika gari ambalo tangi lake liko chini ya kiti, mvuke huo hukusanyika chini ya mtu.

Dada yetu hakuhitaji kusoma kitabu ili kuyajua hayo. Siku ya Idi wajukuu wanane walipanda gari lile kwenda Baharini, na yeye ndiye aliyesikia harufu.

Tangi la mashua

Ndugu yangu mdogo alikuwa na jawabu tayari. Mombasa huuzwa matangi ya plastiki ya injini za mashua, yale mekundu yenye lita 20 na ushei, yaliyo na mpira wake na kifuniko chake. Alisema: tulifunge moja kwa mkanda chini ya kiti, tuunganishe mpira, tusome Alhamdulillahi. Nawajua watu waliofanya hivyo, na magari yao yanatembea.

Nilimpinga kwa sababu ambazo naziandika hapa ili zibaki. Tangi la mashua limeundwa likae mahali pa wazi, ambapo upepo wa bahari huchukua mvuke wake. Baadhi yake kifuniko chake hufunguliwa kwa mkono ili lipumue wakati injini inafanya kazi. Likifungiwa ndani ya sanduku la kiti, pumzi yake inabaki ndani. Halina masikio ya kukazwa kwa bolti, hivyo gari likipinduka litatoka mahali pake na kuuchomoa mpira. Katika mashua, kwenye chumvi na mvua, plastiki ndiyo chaguo la mwenye akili. Chombo hichohicho kikihamishwa kutoka pahali pake hugeuka kuwa hatari. Ndugu yangu alinyamaza, kisha akasema: basi tutafute tangi la plastiki lililotengenezwa hasa kwa gari hili. Hapo ndipo niliposafiri.

Yide Lu

Mwaka 2018 nilifuatana na mpwa wangu kwenda Guangzhou, ambako yeye hununua vifaa vya shule na vichezeo vya watoto. Waafrika wengi hufikia mtaa wa Xiaobei, nasi tulifikia huko. Lakini ununuzi wake aliufanya katika barabara ya Yide Lu, karibu na Mto Lulu, ambayo tangu mwishoni mwa 2013 ina kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina lake. Juu ya maduka yake vinasimama vinara viwili vya kanisa kubwa lililojengwa lote kwa mawe ya matale baina ya mwaka 1863 na 1888. Wenyeji huliita Nyumba ya Mawe. Chini, maduka ya zamani yana baraza zilizoezekwa, mtu akatembea kivulini kama katika baadhi ya njia za Mombasa ya kale.

Kwa msomaji wa Kiarabu, Guangzhou ni Khanfu ya vitabu vya kale. Wafanyabiashara wa Siraf walifika huko, na habari zao zilizoandikwa mwaka 851 zinaeleza vyombo vya Wachina vya udongo mwembamba hata maji yakaonekana kwa nje. Nilikumbuka habari hizo nilipoona jerikeni jeupe la plastiki dukani, na mstari wa kilichomo ukionekana ubavuni.

Yide Lu inajulikana kwa mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mazao makavu ya bahari: maduka kwa maduka ya kamba wakavu, kombe, samaki, majongoo na mapezi. Nilipoingia tu, harufu ilinirudisha katika bohari ya baba. Nilisimama kwa muda mbele ya gunia la majongoo, nikiwaza kwamba miaka 40 iliyopita mzigo wa Kipini uliotoboa tangi letu huenda ulimalizia safari yake katika barabara kama ile. Jambo la pili ni bidhaa za plastiki: vichezeo, mapambo, vifaa vya maandishi, vyote kwa jumla, katoni juu ya katoni.

Nilikuwa na mchoro wa tangi niliouchora kwa rula, wenye vipimo vyote: urefu, upana, kina, mahali pa geji, mahali pa bomba, mahali pa nati ya kutolea uchafu. Mpwa wangu, ambaye anajua Kichina cha biashara, aliuonyesha kwa bibi mmoja muuza bidhaa za plastiki ambaye jamaa zake wana kiwanda nje ya mji. Aliutazama vizuri, akauliza swali moja kabla ya yote: mangapi?

Nikasema: moja.

Hakucheka kwa dharau. Alieleza, na mpwa wangu akanifasiria, kwamba plastiki haianzi na plastiki. Inaanza na kalibu. Kalibu ni chombo cha chuma kinachochongwa kwa gharama kubwa, na gharama yake hugawanywa juu ya kila kipande kitakachotoka humo. Vipande vikiwa maelfu, kila kimoja ni rahisi kama karanga. Kipande kikiwa kimoja, mtu atalipa kalibu nzima, na juu yake atalipa dawa ya kuzuia mvuke na majaribio ya moto, kama anataka chombo cha kuaminika. Akanishauri nirudi na oda ya mamia kadhaa. Nilimshukuru. Alinipa chai.

Katika baraza ya pili, hatua chache kutoka hapo, mzee mmoja alikuwa akichagua majongoo makavu. Aliyashika moja moja, akayapima kwa macho na kwa kidole, akayatupa katika mafungu ya ukubwa mbalimbali. Baba alikuwa akifanya vivyo hivyo, amekaa juu ya mkeka. Hakuna kalibu ya jongoo.

Pale ndipo suala letu liliponidhihirikia. Kwa miezi tulikuwa tukiuliza ni kitu gani kilicho bora, chuma au plastiki, kana kwamba jawabu limo ndani ya vitu hivyo. Plastiki ni ya vitu vilivyo vingi. Ubora wake wote, wepesi wake, umbo lake, usalama wake uliopimwa, unatokana na kutengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya gari lililo katika maelfu. Bati la chuma hukunjwa na fundi mmoja, kwa nyundo na koleo, kwa ajili ya gari moja. Likiharibika hufunguliwa na kufungwa tena. Gari la kale, ambalo kiwanda chake kimekwisha kulisahau, haliko tena katika maelfu. Limebaki moja, nyumbani kwa mtu.

Kauli yangu

Niliporudi niliwaambia ndugu zangu: tutie chuma. Sikutoa hoja ya uasilia, ambayo wapenzi wa magari ya kale huipenda sana. Baba hakuwa mtu wa makumbusho. Alibadilisha kabureta, viti na taa za gari lile kwa chochote alichokipata. Angelipata plastiki iliyo salama na inayokaa mahali pake, angeitia bila ya kusita. Hoja yangu ilikuwa kwamba tangi lililofaa lilikuwa lile ambalo fundi wa mji wetu angeweza kulitengeneza, kulipima na kulirekebisha.

Yako matangi mapya ya chuma kwa Land Rover za umri huu yanayotengenezwa Uingereza, kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa mengi na wapenzi wake wapo. Tuliona nauli ya kusafirisha kasha lililojaa hewa ni kubwa, tukamwendea fundi wa bati aliye karibu. Tulikubaliana mambo haya. Asitumie mabati ya kuezekea, kwa sababu zinki yake haipatani vizuri na mafuta yenye spiriti, na moshi wake wakati wa kuchomelea ni sumu. Atie ukuta wa ndani wenye matundu, ili mafuta yasipigepige kwenye kona. Baada ya kuchomelea, atie hewa kidogo ndani na kupaka maji ya sabuni kwenye kila mshono, na popote povu litakapochomoza arudie. Kisha ndani lipakwe dawa inayostahimili petroli na spiriti, na nje lipakwe rangi, hasa ile kona ya nyuma.

Wale wanaotaka kutengeneza tangi lao la zamani badala ya kuunda jipya, nawasihi wakumbuke jambo moja. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Petroli yote ikishamwagwa, mvuke bado umo ndani ya kutu na mishono. Asithubutu mtu kulikaribia kwa moto kabla halijaoshwa mara nyingi kwa maji ya moto na sabuni na kufukizwa kwa mvuke wa maji. Mafundi wenye uzoefu hulijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea, ili pasibaki nafasi ya hewa.

Kuhusu matunzo, haya ndiyo tuliyoyaandika na kuyabandika ndani ya kifuniko cha kiti. Gari likilala, tangi lijazwe. Kila baada ya miezi mitatu nati ya chini ifunguliwe, mafuta ya kwanza yapokewe katika chupa ya kioo, na ikiwa kuna maji au unga mwekundu, vitaonekana chini ya chupa. Chujio la kioo liwekwe kabla ya kabureta. Tundu la kupumulia lisizibwe. Mizigo yenye maji ya chumvi isipakiwe tena.

Kwa aliye na gari lililozaliwa na tangi la plastiki, kauli yangu ni kinyume: abaki na plastiki, anunue ya kiwanda chake au iliyoundwa kwa ajili ya gari lake, wala asimpe fundi aichomee kwa pasi ya moto. Na kwa wanaoshindana katika mbio za magari ya kale, kama zile za Safari Classic zilizoanza mwaka 2003 kwa kumbukumbu ya Safari ya 1953, wengi wao hutumia mfuko wa mpira wenye sifongo ndani ya kasha la chuma. Hilo ni jawabu jema kwa anayekwenda mbio porini, na ghali kwa anayekwenda Baharini na wajukuu.

Tangi jipya limekwisha kutiwa, na limepita masika mawili. Dada yetu aliridhia gari libaki kwa sharti mbili: mtoto yeyote asikalie kiti kile, na kizima moto kiwe ndani wakati wote. Sharti hizo zimo katika karatasi iliyobandikwa, kwa mwandiko wake yeye.

Tangi la zamani, baada ya kuoshwa, fundi alilipasua kwa patasi. Nusu moja nimeihifadhi pamoja na kitabu cha gari na daftari za baba za ununuzi wa papa na majongoo, ili watakaokuja waone kwa macho jinsi chumvi ilivyofanya kazi. Mchoro wenye vipimo nimeutoa nakala tatu, moja kwa kila nyumba. Litakapooza hili la sasa, nami sidhani nitakuwapo, atakayerithi gari asiwe na haja ya kusafiri hadi Yide Lu kuuliza. Ampelekee fundi karatasi, na aseme anataka moja.

Wassalaam.